Moyo Uliogoma Kilimani

Shangazi yangu ni mshonaji wa sare za shule, na ukitaka kugombana naye mwambie apumzike. Tangu nikiwa mdogo namwona ameinamia cherehani pale sebuleni, pini mdomoni, akituamuru kwa nyusi. Mtu wa namna hiyo akianza kukimbia, hakimbii kwa kujifurahisha. Anakimbia kama kuna mteja anayesubiri mlangoni.

Ndiyo maana Opereta alimchagua. Opereta hupokea simu katika hospitali ya mtaani kwetu. Haoni tangu utotoni, na hukimbia ameshika ncha moja ya kamba fupi, kiongozi wake ameshika nyingine. Mara mbili alijiandikisha mbio ndefu, na mara mbili viongozi wake wakaingia mitini. Alisema safari hii ikishindikana, viatu anavigawa. Shangazi akampa neno lake kwamba atamfikisha.

Mazoezi yakapamba moto. Shangazi akaongeza kilima, akaongeza na Jumapili. Kisha ile saa yake ya kupimia mapigo ya moyo ikaanza vituko. Kwenye mwinuko wa tangi la maji, ambako zamani moyo ulipanda hadi mia na sitini, sasa uligoma kwenye mia na thelathini. Wenzake wa klabu ya mbio wakampigia makofi. Mmoja wao, fundi baiskeli anayeweza kila kitu isipokuwa kunyamaza, akatangaza kwamba huo sasa ni moyo wa trekta. Shangazi akavimba kichwa siku mbili tatu. Lakini miguu ilikuwa mizito, usingizi haupatikani, na siku moja nikamkuta ameshona mfuko wa suruali upande wa nje bila kujua. Hapo nikaogopa.

Nilimburuta kwa daktari wa hospitali ile ile ya Opereta, na neno ni hilo hilo, nilimburuta. Daktari aliupima moyo akaukuta mzima. Kilichochoka ni mwili wote. Alieleza hata mimi nikaelewa. Moyo ukiiva kwa mazoezi hupiga polepole, na mwenyewe hupanda kilima kwa wepesi. Mtu akijichosha kupita kiasi, moyo nao unaweza kupiga polepole, ila kwa sababu mwili umekataa kuongeza kasi, na mwenyewe anajikongoja. Namba ni moja; tofauti uiulize miguu. Dawa yake ni kupumzika wiki kadhaa. Na mbio zilikuwa zimebaki wiki mbili tu.

Angeweza kumeza maneno na kujikaza. Wengi wangefanya hivyo, na mimi ningekuwa wa kwanza. Yeye alishuka ngazi moja kwa moja hadi chumba cha simu, mimi nyuma yake.

"Kaka, sitaweza kukuongoza," akasema. "Nikilazimisha nitaanguka njiani, na wewe uko kwenye kamba yangu."

Opereta akavua visikilizio, akaviweka mezani taratibu.

"Nilijua, dada. Siku nyingi sasa, tukifika kilimani, mimi ndiye ninayekuvuta. Niliogopa kusema, usije ukaniacha kama wale wengine."

Shangazi, ambaye hata msibani hujikaza ili wengine walie, alilia pale pale, simu zinaita na hakuna anayezipokea.

Hakumwacha. Alimkabidhi fundi baiskeli ile kamba, akakaa kwenye kiti cha plastiki kando ya barabara na kumfundisha kutangaza kila shimo na kila kona kabla hawajafika. Mdomo ule ukapata kazi ya maana. Kwa mtu asiyejua kukaa, kile kiti kilikuwa kigumu kuliko kilima chochote, na mimi nilimheshimu kuliko siku zote.

Siku ya mbio, Opereta na fundi walifika mwisho wakati watu wengi wameshaondoka. Fundi alikuwa bado anaongea. Opereta alivuka mstari, akamuulizia shangazi, nikampeleka. Akamshika mkono, vidole juu ya mshipa, akahesabu mapigo.

"Dada, umesimama tu, na moyo unakwenda mbio hivi?"

"Leo moyo umekubali kupanda," akasema shangazi.