Diplome Iliyosomewa Ndagala

Hamutaamini haya, lakini mimi Hubert niliyaona kwa macho yangu hapa Albertville, mwaka 1962. Ninayaandika nyumbani kwa Mama Clémentine mwenyewe, nikimusomea.

Clémentine anauza ndagala, vile visamaki vya ziwani vya kukausha, na hakumaliza hata darasa la pili. Siku moja alimuomba Anatole nafasi katika behewa la treni alilokodi kusafirishia ndagala zake. Anatole, mwenye kravati na diplome ya biashara, akamujibu mbele ya soko zima: "Mama, biashara ni ya waliosoma. Rudia moshi wa jiko lako."

Clémentine akarudi kwenye ndagala zake. Alimuona anafunga ndagala magunini zingali na unyevu, maana hakujua kuzifinya kiganjani asikie kama zinavunjika. Akamuacha afunge, akitabasamu.

Siku ya tatu magunia yakaanza kunuka, na treni ilikuwa ya kesho yake. Anatole akaja mbio: "Mama, niokoe!"

"Nitazianika upya, na behewa tutagawana," Clémentine akasema. "Lakini kwanza leta ile diplome, uzisomee ndagala. Labda zitakauka."

Akasoma, soko zima likicheka! Akasoma mara kumi, jasho likatiririka mpaka ziwani, mamba wakatoka kusikiliza, na mimi nika—

"Papa Hubert," Clémentine akanikatiza, "alisoma mara moja tu. Na wewe siku ile ulikuwa safarini, kule Mpala!"