Daraja Lililopona kwa Chokaa

Siipendi chokaa. Nyumba yangu ya Kihesa niliiacha na rangi ya matofali yake, majirani wakacheka mpaka wakachoka.

Miaka ya sabini nilifanya kazi Iringa, katika ofisi iliyosimamia madaraja mpaka Mbeya. Kila mwaka daraja lilipewa alama: moja kwa lililo zima, tano kwa lililokwisha. Mimi nilitazama yaliyopata mbili mwaka uliopita, mangapi yamebaki palepale na mangapi yameshuka hadi tatu, kisha nikapiga hesabu ya uwezekano wa kila moja kuharibika mwaka unaofuata. Mbao zilikuwa haba, na hesabu ndiyo iliyosema ziende wapi. Niliipenda mno kazi ile.

Halafu nikaona kituko. Madaraja ya miti, makuukuu, yalikuwa yakipanda kutoka nne hadi mbili bila fundi kuyagusa. Sababu ilikuwa desturi yetu wenyewe: mgeni mkubwa akitarajiwa, kingo hupakwa chokaa na vichwa vya magogo hupakwa lami. Wakaguzi walipita wiki hiyohiyo, wakachungulia kutoka ndani ya gari, wakaandika mbili. Hata kushuka ilikuwa shida.

Moja la madaraja hayo lilikuwa kwenye njia ya Ubaruku, ambako dada yangu aliolewa na mfugaji aliyehamia Usangu kutoka kaskazini. Nilipokwenda kuwasalimu, shemeji alinipeleka tukalione. Nilichoma kisu kwenye lami, kikazama hadi mpini.

"Shemeji, si wewe ndio mtu wa madaraja?" alisema. "Ng'ombe tunapitisha hapahapa. Mvua itatukuta hivi?"

"Haitawakuta," nikamjibu. Dada alikuwa amefuatana nasi, anasikia.

Nikarudi ofisini kumweleza mkubwa wetu kwamba zile zilikuwa alama za chokaa, mti ndani umeoza. Hesabu irudiwe, mbao ziende Ubaruku.

"Hesabu kafanya nani?"

"Mimi, mzee."

"Inasema daraja lile linapona. Leo unaikana kwa ajili ya shemeji yako?"

Mbao zikaenda kwenye daraja la karibu na Ipogolo, barabara kuu, wanakopita wageni kila mara. Niliomba, nikagomba, nikaambiwa nina kichwa kigumu. Hasira ile ninayo mpaka leo na wala sitaki iniishe.

Mvua zilipokolea, magogo ya Ubaruku yalikatika ng'ombe wakiwa katikati na shemeji yuko nyuma yao. Mwili wake ulipatikana kwenye majaruba ya mpunga. Msibani dada aliniuliza, "Si ulisema haitatukuta?" Akageuka akaendelea kupokea wageni.

Niliporudi kazini mkubwa alinipa pole, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Kisha akaagiza daraja lile litolewe kwenye hesabu, maana kisichokuwepo hakina alama. Likatolewa. Wastani wetu mwaka ule ukawa bora kuliko uliotangulia, tukapongezwa.