Penseli Aliyonichongea Baba

Harufu ya penseli inayochongwa hunirudisha nyumbani Kiseke, enzi ambazo ng'ombe walikuwa wengi kuliko nyumba. Ilikuwa asubuhi ya mtihani wa darasa la saba. Baba alikaa kwenye kigoda akaichonga penseli yangu kwa wembe, taratibu, mpaka ncha ikawa kama mwiba.

"Mama," aliniita hivyo akiwa na furaha, "leo ukajaze majibu ya makosa. Ukifaulu utapelekwa shule ya mbali, na watu wameshakuja kukuposa."

Mama alikuwa akinifungia michembe, viazi vilivyokatwa na kukaushwa, kwenye kitambaa. Hakuinua uso.

"Sawa, baba," nikasema.

Swali la kwanza nililijua. La pili pia. Nikajaza makosa kama nilivyoagizwa. Nilishazoea kutumwa: maji, kuni, ndama.

Leo binti yangu kanisogezea daftari la hesabu, nami nimeshika penseli yake na wembe.

"Mama, hili unalijua?"

"Nalijua."

Nikaandika jibu pembeni, lile la kweli. Nikalitazama kidogo, kisha nikalifuta, ili alitafute mwenyewe.