Baba wa Kwenye Pakiti

Tangu mamake alipofariki, Eucabeth wa Suneka alibakiwa na neno moja tu la kumwita, na neno lenyewe lilikuwa limebandikwa kwenye mfuko wa nailoni: Kaukau za Baba. Usishtuke. Kwa lugha ya Wakisii baba ndiye mama. Yule mwenye ndevu huitwa tata. Nyanchama, mamake Eucabeth, ndiye aliyeanza kukaanga hizo ndizi mbichi, akizikata nyembamba mpaka ukiinua moja juani unaona kivuli cha kidole chako ng'ambo. Aliwauzia walimu na wasafiri pale stejini, na kila siku wimbo wake ulikuwa mmoja: siku moja kaukau zake zitakaa dukani, dukani hasa, penye vioo na taa. Akafa zikiwa bado kwenye beseni.

Sasa duka lilikuwa limepatikana. Mwenye duka la zawadi huko Nairobi alizionja, akalamba vidole, kisha akaugeuzageuza ule mfuko uliozibwa kwa moto wa mshumaa. "Utamu upo," akasema, "lakini sura hii ni ya stejini. Niletee kitu cha kifahari, ambacho mtu ataona haya kukirarua."

Eucabeth akakimbilia kwa Uzair, mchoraji wa matangazo na pakiti mjini Kisii, mtu mpole aliyehamia kutoka Mombasa mwaka huo huo na tayari akisifiwa mpaka Nyamira. Akamweleza kila kitu, rangi, uzito, hata mlio anaoutaka pakiti ikifunguliwa. Jina akamwandikia tu kwenye kikaratasi. Jina nalo lina haja gani ya maelezo?

Wiki mbili baadaye Uzair akaweka mfano wa pakiti mezani. Ala! Nyeusi isiyong'aa, laini kama jani changa la mgomba, herufi za dhahabu zimeinuka kidogo ukizipapasa. Eucabeth alitaka kupiga kigelegele. Kisha macho yakashuka chini ya jina. Palikuwa na mzee wa dhahabu, kofia ya pama kichwani, masharubu yamechanwa vizuri, anatabasamu.

"Huyu ni nani?"

"Si ndiye baba, Mama Linet?" Uzair akajibu, akimwita kwa jina la bintiye.

Eucabeth akacheka. Alicheka mpaka akashika meza, Uzair naye akacheka kwa adabu asijue wanacheka nini, halafu kicheko kikageuka kilio palepale, kilio cha wazi, kamasi na yote. Alipoweza kusema, akamweleza. Uzair akajishika kichwa.

"Astaghfirullahi! Nimemtia mama yako masharubu!"

Lakini dawa alikuwa nayo. "Basi tuandike Kaukau za Mama. Kila mtu ataelewa."

Eucabeth akalijaribu jina hilo mdomoni. Mama lilikuwa neno la shuleni, la wateja, la kuitwa yeye mwenyewe. Nyanchama hakuwahi kuitwa hivyo na wanawe hata siku moja. Angekuwa anampeleka dukani mama wa mtu mwingine.

"Mzee mtoe," akasema. "Jina liache."

"Nairobi watadhani ni mwanamume."

"Waache wadhani. Mimi namjua."

Uzair akamfuta mzee kwenye kompyuta. Pakiti ikabaki nyeusi, jina la dhahabu peke yake katikati, na kusema kweli ikazidi kupendeza. Uzair akauliza taratibu, "Kwani nyinyi hulitamkaje hilo neno? Nataka nilijue vizuri."

Eucabeth akafungua kinywa alitamke polepole, kama mwalimu. Sauti iliyomtoka ilikuwa ile ya kuingilia uani na mzigo kichwani, ya juu, yenye kuvutwa mwishoni: "Babaaa!" Miaka mitatu hakuwa amemwita mtu hivyo. Shingo akaielekeza mlangoni, akisubiri kuitikiwa.