Nyuzi Tisini na Tano

Maabara yetu ya fizikia ilipohamishiwa kwenye kompyuta, mimi nilikuwa miongoni mwa walionyoosha mkono kuunga mkono. Vipimajoto vikafungiwa kabatini. Wanafunzi wakaanza kuchemsha maji kwenye skrini: unabonyeza jiko, mapovu yanapanda, namba inapanda nayo, inasimama kwenye mia. Jibu unaliingiza kwenye mfumo, na mfumo wenyewe ndio unaosahihisha.

Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, binti wa Rombo, aliyekuwa akisomea ualimu. Aliniomba kipimajoto akajaribu kwao. Nilimpa, tena kwa furaha, kwa maana nimehubiri miaka yote kwamba asiyepima kwa mkono wake hajui, amesikia tu. Jumamosi hiyo, nyumbani kwao mlimani, juu ya mji wa Mkuu, alichemsha maji mara tano katika sufuria ya kupikia mtori, mama yake akimuuliza kama maji yana homa. Mara zote tano zebaki ilisimama kwenye tisini na tano.

Alikuwa sahihi. Huko juu hewa ni nyepesi, na maji huchemka mapema. Hata hapa Moshi mjini hayafiki mia. Mfumo ulimpa nafasi tatu za kujibu. Aliandika tisini na tano mara zote tatu, akapata sifuri, na sifuri hiyo ikamwangusha katika somo la vitendo. Asipofaulu mtihani wa marudio, angeondolewa chuoni.

Nilimwendea mratibu wa mitihani, mwanafizikia mwenzangu tuliyeanza kazi pamoja.

“Msichana amepima kweli,” nilimwambia.

“Kwani nimekataa? Bibi yangu alikuwa anabandika maharage huko juu asubuhi, tunayala jioni. Mimi najua. Mfumo ndio haujui.”

“Basi ufundishwe.”

“Na nani? Majibu wameyaweka waliotuletea, sisi hatuna ruhusa ya kuyagusa. Halafu, mzee, si wewe uliyetuhubiria pale kikaoni kwamba mashine haina upendeleo?” Akacheka. “Mwambie aandike mia, aende zake.”

Nilitoka nimekasirika, na hasira yangu haikuwa na kazi yoyote. Niliandika barua mbili, hakuna aliyezijibu. Asubuhi ya marudio binti alinisubiri mlangoni mwa chumba cha kompyuta.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba.”

“Swali ni lilelile?”

“Ni lilelile.”

“Sasa niandike nini?”

Nimesoma vitabu vingi kuhusu watu waliokataa kusema uongo mbele ya watawala, na nimewasifu darasani hadi sauti ikakauka. Hapa hapakuwa na mtawala wala gereza. Palikuwa na kisanduku cha kujazia namba, na msichana ambaye angerudi nyumbani bila cheti kwa sababu alinisikiliza.

“Andika mia.”

“Lakini mwalimu, mimi niliona.”

“Najua uliona. Andika mia.”

Aliniangalia kidogo, kisha akaingia.

Alipata alama zote. Muhula uliofuata aliketi mstari wa mbele kama zamani, na kila nilichokisema alikiandika, bila kuuliza neno.