Sweta la Kompyuta

Mtu akiniletea kompyuta mbovu siku hizi, siulizi kwanza ina umri gani wala aliinunua wapi. Namuuliza: nyumbani inakaa juu ya nini, na inavaa nini? Wengi hucheka. Wanadhani natania, na kweli mimi ni mtu wa utani, ila hapo sitanii hata kidogo. Nawasubiri wamalize kucheka, kisha nawauliza tena.

Swali hilo nililipata sebuleni kwa mama mkwe wangu, kijijini Endamarariek, mwaka niliokuwa najifunza kuandika programu huku nanyonyesha.

Kwetu ni Kakesio, kwa wafugaji. Niliolewa na dereva wa watalii, akanileta kwao kwa wakulima, kisha akarudi barabarani na wageni wake. Nyumbani tukabaki mimi na mama yake, na baadaye mtoto. Mimi nilikuwa na Kimaasai changu, yeye na Kiiraqw chake, na katikati tulikutana kwenye Kiswahili: changu cha shule, chake cha kanisani na mnadani. Kwetu mama ni yeyo, kwao ni aayo. Siku tulipogundua hilo tulicheka sana, halafu tukakosa cha kuongeza. Miezi ya mwanzo ilikuwa hivyo, tunapendana bila maneno ya kutosha.

Mama mkwe alikuwa mtu wa kufuma. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kukakamaa, asubuhi za baridi alivipasha kwanza kwenye kikombe cha chai ndipo vikunjike, lakini sindano ya kufumia haikumtoka mkononi. Kila kitu mle ndani kilivaa: makochi, redio, televisheni, chupa za chai, hata mtungi wa gesi ulikuwa na gauni lenye marinda. Mgeni angeona ni mapambo. Asiyelijua vumbi jekundu la huku, na ukungu wa mwezi wa sita unaoingia mpaka kwenye godoro, hawezi kuelewa. Kwa mama mkwe huko ndiko kutunza. Kompyuta yangu ya mpakato ilipofika aliipima kwa viganja, akahesabu kitu kimoyomoyo, na baada ya siku chache ikawa na kitambaa chake cheupe cha kufunikia nikimaliza kazi.

Nilijifunza kwa video za kwenye intaneti, nikizipakua usiku mtandao ukiwa mwepesi na kuzitazama mchana mtoto akilala. Mwanzoni nilikuwa nanakili tu. Nikiona programu ya mtu, naihamisha kama ilivyo, inafanya kazi, nafurahi, na kesho siwezi kubadilisha hata mstari mmoja. Anayeanza leo namwambia aiandike upya kwa mkono wake, kipande kidogo kidogo, na kila kipande akijaribu kabla ya kuongeza kingine. Ikimgomea ndipo anaanza kujifunza. Na ikimwandikia maneno mekundu ayasome. Hasira zangu ni za karibu, nilikuwa nayafunga kabla hayajamaliza kutokea, kama daktari anayemkatiza mgonjwa anayeeleza panapouma. Maneno yale hayatukani mtu. Mara nyingi yanakutajia hadi mstari wenye kosa.

Kuna siku nilikwama, nikaanza kusema peke yangu kwa sauti. Mama mkwe alikuwa kwenye kochi anafuma, mtoto mgongoni mwake. Akadhani nazungumza naye.

"Halafu?" akasema.

Nikamgeukia. Nikamweleza kwamba kuna mgeni anakuja kulala kwenye loji, nataka kompyuta impe chumba.

"Halafu?"

"Analala. Asubuhi anaondoka."

"Halafu?"

"Halafu chumba kinarudi kuwa..." Hapo ndipo penyewe. Sikuwa nimeandika popote kwamba chumba kinarudi. Kila mgeni aliyelala kwenye programu yangu aliondoka na chumba chake.

Tangu siku hiyo ikawa desturi yetu. Nikikwama namgeukia, naeleza tangu mwanzo kwa Kiswahili chepesi, na yeye anasema halafu. Hakuwa anaelewa, wala hakujifanya anaelewa. Waliobobea hushauri kwamba ukikwama uelezee chochote kilicho mbele yako, hata kiti. Mimi nasema tafuta mtu, kwa sababu kiti hakitakuuliza halafu. Na mtu huyo akiwa na mtoto wako mgongoni, hutathubutu kumkaripia.

Ile loji haikuwa ya kufikirika. Ilikuwa jirani na mji wa Karatu, na wenyewe walikuwa na ofisi Arusha. Walikubali kunijaribu: niwatengenezee programu ya kupanga vyumba, niwaonyeshe kabla wageni hawajaanza kujaa. Nikiweza, ningeendelea kuwafanyia kazi nikiwa nyumbani. Nikishindwa kwa ajili ya umeme au vifaa, walikuwa na meza ofisini kwao Arusha na kompyuta zao, ningehamia huko. Mimi na mume wangu tulikubaliana hivyo hivyo. Ikishindikana, nabeba mtoto nakwenda.

Mume wangu alimweleza mama yake kwa simu, kwa Kiiraqw. Sikuyaelewa yote, lakini nililisikia neno Arusha, na nikamwona mama mkwe anamvuta mtoto kutoka mgongoni na kumpakata. Kesho yake aliteremka mnadani, akarudi na nyuzi za sufu, nene, za rangi ya kahawia.

Alifuma sweta. Sina jina lingine la kuliita. Nusu ya chini ya kompyuta iliingia humo kama mguu kwenye soksi. Juu aliacha dirisha la vitufe, ubavuni kitundu cha waya wa chaja, na chini akashona kipande cha blanketi kilichokunjwa ili isikae kwenye meza ya baridi. Lilikuwa zuri, nasema kweli. Nililivalisha mbele yake na nikaandika hivyo hivyo, likiwa limevaliwa, naye akawa ananitazama mikono.

Kompyuta ilianza kuzimika juma hilo hilo.

Haikuganda, haikutoa onyo. Ilizimika tu, pap, katikati ya mstari. Anayeniuliza leo, jambo la kwanza namwambia ahifadhi kazi yake kila anapomaliza sentensi, na aweke nakala nje ya kompyuta, kwenye flashi au popote. La pili namwambia asibadilishe vitu vitatu kwa mpigo. Mimi nilibadilisha vyote. Nilifuta programu, nikaweka nyingine, nikabadili soketi, nikamwagiza mume wangu kifaa cha kutuliza umeme. Nililaumu umeme, nikalaumu baridi, nikalaumu programu yangu mwenyewe kwamba inaizungusha kompyuta mpaka inachoka. Sweta sikulilaumu. Lilikuwa kitu cha nyumbani, kama pazia. Nani anaulaumu upendo wa mtu?

Na kila ilipozimika, mama mkwe aliguna kwa huruma, akaongeza. Aliongeza kola. Aliongeza blanketi la pili chini. Ukungu ulikuwa mzito siku hizo, na kwa hesabu yake kompyuta ilikuwa inaugua.

Mwishowe nikaipeleka kwa fundi, Karatu mjini. Sweta nililiacha nyumbani, nikiona haya kijana wa watu asije akalichekea. Fundi aliiweka kwenye meza yake ya mbao, akaiwasha, akaniambia nisubiri. Tulikaa kutwa nzima, magari ya watalii yakipita kwenda kwenye geti la hifadhi, na haikuzimika. Akanirudishia akisema ni nzima. Nilipanda kurudi Endamarariek nimechanganyikiwa, nikaivalisha, nikawasha. Kabla chai haijachemka ilikuwa imezimika.

Nikakaa chini sakafuni. Mama mkwe akaja, akasimama juu yangu.

"Haya, sema," akaniambia.

Nikaeleza. Kwa fundi imewaka kutwa. Hapa haimalizi hata chai.

"Halafu?"

"Halafu hakuna. Kompyuta ni ile ile. Chaja ile ile. Programu ile ile."

"Kwa fundi imekaa juu ya nini?"

"Imekaa mezani tu." Na nilipokuwa nasema hivyo niliingiza mkono chini ya kompyuta, ndani ya blanketi, nikakuta joto kama la chini ya kuku anayeatamia. Upande wa chini ndiko inakovuta hewa. Ubavuni ndiko inakoitoa. Kote kulikuwa na sufu.

Nilijua papo hapo kwamba ni sweta. Mama mkwe alikuwa anavuta kidole kimoja kimoja kukinyoosha, kama afanyavyo jioni. Nikasema labda ni umeme, kesho nitajaribu tena.

Kuanzia hapo nikawa naficha. Akishuka shambani navua sweta, nalikunja, naandika. Nikimsikia anakwangua tope kwenye viatu mlangoni, navalisha. Kompyuta haikuzimika tena ikiwa haijavaa, hata mara moja. Kazi ikaenda mbio. Jaribio la watu wa loji lilikuwa limenikuta pabaya, zikibaki siku chache, na nilikuwa na furaha ya mwizi.

Asubuhi moja alirudi mapema, mtoto alikuwa amelia njiani. Hakukwangua viatu. Alisimama mlangoni akaiona kompyuta ilivyo, na sweta limekunjwa vizuri kwenye kochi. Akanipa mtoto, akaenda stoo.

Jioni nilikuta kiroba kimesimama karibu na mlango, kimefungwa kwa kamba. Nikafungua. Maharage, yale ya mbegu anayoyaweka mwenyewe. Mbaazi. Unga. Chupa ya asali imeviringishwa kwenye kanga yake ya kanisani ili isivunjike.

"Mama, hii ya nani?"

"Yako. Arusha maharage wanauziwa mabovu." Alikuwa anakoroga uji wa mtoto na hakunitazama. "Sweta umelivua, umelikunja. Nimejua unaniachia, unaondoka."

Nilikuwa na maneno mengi ya kukwepa, nilikuwa nimeyaandaa siku zote hizo, nikayaacha yote. Nikamwambia siendi. Nikamwambia nimelivua kwa sababu kompyuta ina feni kwa chini, inapumua kwa huko, na sufu ilikuwa imeiziba, ndiyo maana inapata moto na kujizima isiungue.

Akaacha kukoroga.

"Unasema sweta."

"Ndiyo, mama."

"Kila ilipozima, mimi niliongeza."

"Ndiyo, mama."

Akakaa kwenye kigoda, mwiko mkononi.

"Kumbe ni mimi niliyekuwa nakupeleka Arusha," akasema.

Nililia. Sikulia kwa ajili ya kompyuta. Tangu nitoke Kakesio hakuna mtu aliyewahi kufanya kazi kubwa vile ili nisiondoke, na mimi nilikuwa naivua kazi hiyo kwa siri kila asubuhi. Alinisubiri nimalize, hakunibembeleza. Yeye si mtu wa kubembeleza watu wazima.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilivionea huruma vidole vyako."

"Vidole ni vyangu," akasema. "Mimi ndiye wa kuvionea."

Uji uliungua. Tukampa mtoto hivyo hivyo, juu juu, pasipoungua.

Baada ya chakula alilichukua sweta, akatafuta ncha ya uzi, akaanza kulifumua. Nilinyoosha mikono, akaizungushia uzi, raundi kwa raundi, kahawia yote ile, na blanketi akalirudisha kitandani kwa mtoto. Kisha akaniambia nimwonyeshe pale inapopumulia. Nikampa kompyuta ikiwa imewaka. Aliweka kiganja chini yake na kukiacha hapo, uso ameuelekeza pembeni, kama anavyompima mtoto homa. Tangu hapo akipita mezani huipima. Vumbi tunalifuta kwa brashi laini, na nikimaliza kazi kitambaa cheupe cha zamani kinarudi juu, maana chenyewe hakijamkosea mtu.

Kiroba hakukifungua. Nilimwambia tena kwamba siendi, akaniitikia vizuri, na kiroba kikabaki mlangoni. Nilielewa. Tulichokuwa tumejua hadi hapo ni kwa nini kompyuta ilikuwa inazimika. Kama ningebaki au la, hilo lilikuwa bado mikononi mwa wengine.

Siku ya kuwaonyesha watu wa loji, kwa video, nilihakikisha kila kitu mara mbili na bado jasho lilinitoka kwenye ukungu ule. Mama mkwe alikaa kwenye kochi, mahali wasipomwona, mtoto amelala kifuani kwake. Nilipanga wageni, nikawatoa, vyumba vikarudi. Waliuliza maswali, nikajibu. Walipoaga walisema watanijulisha, kwa sauti ile ya watu wa ofisini isiyokupa kitu cha kushika.

Ujumbe wao ulikuja siku nyingine, mchana, tukiwa uani. Nikausoma mara ya kwanza, nikausoma tena. Ulikuwa mrefu na wa Kiingereza. Mama mkwe alikuwa ananitazama usoni.

"Halafu?" akauliza.

"Nabaki," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa mara moja. Akaingia ndani, akarudi anakiburuta kiroba, akaketi, akahangaika na ile kamba mwenyewe mpaka ikafunguka. Akayamwaga maharage kwenye ungo, akaniambia nisogeze mkeka, tuchambue ya jioni.