Nilimwita Shemeji Yangu Mwizi Katikati ya Ngoma

Kosa ni langu. Nimeligeuza mbele na nyuma kama suruali ya mtumba, nikitafuta sehemu ya kumbandika mtu mwingine, nimeikosa. Kwa hiyo nalileta kwenu kama lilivyo. Jina langu naomba libaki nyumbani.

Mimi ni mnadi wa mitumba hapa Mpanda. Napanda juu ya meza, nainua nguo, napiga kelele mpaka iondoke. Nikiita, watu wanageuka. Ndicho kipaji alichonipa Mungu, na ndicho nilichomvunjia mtu mguu.

Mtu mwenyewe ni shemeji yangu, tumwite Shabani. Fundi seremala, amemuoa mdogo wangu Mwajuma. Sikumpenda tangu mwanzo. Halewi, hachagui kazi, hampigi mke. Nilimkagua mara mbili sikuona kasoro, na hilo lenyewe likaniudhi. Kasoro ikaja kujitokeza baadaye: jamaa anacheza. Na siyo ngoma ya harusini, anacheza baleti, ile dansi ya Kizungu.

Baleti ililetwa na Consolata, binti wa hapo jirani Katumba aliyekwenda Dar kusomea kucheza, akarudi baada ya kumzika baba yake. Huyo baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alikuwa anatunga michezo ya kuigiza kwa ajili ya wanafunzi na parokia. Wenye umri wangu tunaikumbuka. Kulikuwa na mtemi aliyejifanya kiziwi ili asisikie malalamiko. Kulikuwa na bibi harusi aliyegoma kushuka kwenye baiskeli walipofika kwa mume. Na kulikuwa na mwizi aliyeuawa na kijiji kizima, halafu ikajulikana mbuzi alikuwa wake.

Consolata akaamua kumcheza baba yake. Mwalimu amekaa mezani anaandika, watu aliowatunga wanatoka mmoja mmoja, wanacheza naye na kumdai maelezo. Yeye mwenyewe Consolata akawa Mwalimu, amevaa koti la marehemu. Shabani akawa yule mwizi. Yote hayo bila kusema neno hata moja.

Consolata alinifuata sokoni nimsaidie kuita watu.

"Kuita nitaita," nikamwambia. "Ila siku yenyewe unipe maiki niwaelezee watu wanachokiona."

"Hapana, kaka. Baba alitumia maneno maisha yake yote. Kwenye hii namwacha apumzike."

"Mdogo wangu, mimi ni mfanyabiashara. Kitu kisichosemewa hakitoki. Nipe dakika tano."

"Hapana."

"Tatu."

"Kaka, hapana."

"Moja tu, ya kusalimia."

"Utasalimia ukiwa umekaa."

Nilicheka. Ila ilinichoma. Sijazoea kutoka kwenye maelewano mikono mitupu, na moyoni nikasema ngoja, utanikumbuka mwenyewe watu wakianza kukung'uta makalio na kuondoka.

Siku ikafika, Jumamosi alasiri, uwanja mmoja pale Ilembo. Walitandika turubai, wakaweka meza na kiti, spika mbili pembeni. Watu walijaa, nilihesabu safu zote nikarudia. Upande wa barabarani kulikuwa na kijiwe cha bodaboda. Wale walikuwa na biashara zao, ngoma wameipa mgongo.

Mwanzo ulikuwa mzuri, nisiwadanganye. Bibi harusi alipogoma kushuka kwenye baiskeli, akina mama walipiga vigelegele. Mtemi alimkalia Mwalimu mgongoni akazungushwa uwanja mzima, watu tukacheka mpaka machozi. Halafu ikaja sehemu ya Mwalimu peke yake. Anaandika, anafuta, anajikunja, anaandika tena, na kwenye spika linalia zeze moja tu, polepole. Muda ukapita.

"Huyu anaumwa?" akauliza kijana mmoja mbele yangu.

"Anaandika," mwenzake akamjibu.

"Anaandika nini muda wote huo, wosia?"

Watu wakaanza kuondoka. Nilipaswa kusikitika, Consolata ni kama mdogo wangu. Badala yake nilikuwa nawahesabu wanaoondoka, na kila aliyeinuka nilijiona nimelipwa.

Ghafla Shabani akachomoka chini ya meza. Alimrukia Mwalimu, wakashikana. Ule haukuwa mchezo wa kupigana kwa vidole. Walibebana, wakatupana, ukisikia mgongo unavyogonga ardhi unakunja uso mwenyewe. Shati la Shabani likachanika. Waliokuwa wanaondoka wakasimama. Halafu akaruka nje ya turubai, akakata katikati ya watu na kuanza kuzunguka uwanja kwa mbio za mtu anayekimbia kifo, macho yamemtoka, anahema. Akapita hatua chache kutoka niliposimama, upande wa kijiwe cha bodaboda.

Hapo ndipo koo langu liliponitangulia. Nikaachia sauti ya mnadani.

"Mwizi! Mwizi huyo! Kamata!"

Nilitaka nini? Nimejiuliza sana. Nilitaka watu wachangamke. Nilitaka Consolata asikie jinsi neno moja linavyoweza kuamsha uwanja. Na niseme ukweli wote, nilitaka kumwita Shabani jina baya mbele za watu, bila kudaiwa.

Walionizunguka walicheka. Vijana wa kijiweni hawakucheka. Wao hawakuona meza wala mtemi. Waligeuka wakaona mwanaume mwenye shati lililochanika anakimbia, na mtu anaita mwizi. Mmoja akatoa mguu, Shabani akaenda chini kifudifudi.

Wa kwanza alimpiga na helmeti. Wa pili alikuwa na mnyororo wa pikipiki. Shabani alijaribu kuinuka akiwa bado anatabasamu, nadhani alifikiri ni watazamaji wamenogewa, na tabasamu hilo likavunjiwa mdomoni. Likaja jiwe. Likaja tofali. Tofali lilitua kwenye goti, na mlio wake nausikia mpaka leo nikivunja kuni.

Kilichonitisha zaidi ni wale waliokuwa kwenye ngoma. Mwanaume mmoja nilimwona dakika chache nyuma akimpigia Shabani makofi. Nikamwona tena, amevua mkanda, anapiga kwa upande wa chuma. Alijua. Alijua kabisa, ila mkono ulishaingia kazini.

Nikakimbilia pale. "Acheni! Siyo mwizi, anacheza!" Sauti yangu yote, ile inayosikika mpaka ng'ambo ya soko, ikawa kama kikohozi cha mtu mmoja.

Jamaa wa mnyororo akanigeukia. "Wewe si ndo umeita? Mbona humpigi?"

"Kaka, sikia..."

"Au mwenzake? Oya, huyu mwenzake huyu!"

Nyuma yangu mtu akasema aletewe petroli. Alisema kwa utulivu, kama anayeagiza chai.

Nikampiga shemeji yangu teke.

La kwanza lilikuwa la kuonyesha, niliweka mguu nikaurudisha. Jamaa akasema, "Ndo nini hiyo, unambembeleza?" La pili nilipiga kweli. Lilimpata mbavuni. Akafumbua jicho moja akaniangalia, na lile jicho halikuwa la mtu anayecheza.

Aliyemwokoa ni Consolata. Aliingia katikati ya miguu ya watu na lile koti la baba yake, akalala juu ya Shabani, akamfunika. Wakaendelea kupiga. Walimpasua kichwa, wakamvunja vidole viwili. Hakusogea wala hakusema kitu. Ngoma ya hatua na hesabu ilikuwa imeisha, ila yeye alibaki palepale alipopangwa kuwa.

Ndipo kijana mmoja wa bodaboda akapiga ukelele. "Jamani, acheni! Huyu ni fundi Shabani! Ndo katengeneza kitanda changu!"

"Kitanda gani?" mwenzake akamuuliza, tofali bado mkononi.

"Cha harusi, fala wewe! Si ulikuja ukakibeba mwenyewe!"

Tofali likashuka. Watu waliyeyuka kama wachuuzi waliomwona mgambo. Mwenye mnyororo aliufunga kwenye pikipiki yake, akawasha, akaondoka. Damu ilibaki kwenye vumbi na mimi nilibaki nayo.

Hospitali walisema goti limesagika, mbavu tatu, taya. Mwajuma alikuja amevaa kandambili za aina mbili tofauti. Alinishika mikono yote miwili.

"Kaka, Mungu akubariki. Wameniambia ulikuwepo unawazuia. Bila wewe wangemchoma."

Nikanyamaza. Mimi, mtu nisiyemaliza kupokea chenji bila kuongea, nilinyamaza. Na nyie mnaojua soko mnajua: ukinyamaza mteja anapotaja bei, umekubali.

Consolata alikuwa kitanda cha pili, kichwa kimeshonwa. Alinieleza mwisho ulivyotakiwa kuwa. Baba yake akiwa kijana alishuhudia mtu akiuawa hivyo, akasimama akiangalia. Alitunga mchezo ule mara nyingi, kila mara mwizi anakufa, kalamu inakataa kumwokoa. Kwenye baleti mwizi angekimbia, angezunguka uwanja, angerudi mezani, na Mwalimu angemfunika kwa koti.

"Ilibaki kidogo tu afike, kaka," alisema. "Sijui ni nani aliyeita."

Nikasema hata mimi sijui.

Tangu siku hiyo nikawa shemeji bora Mpanda nzima. Mchele napeleka, mafuta napeleka, watoto nawavisha. Mwajuma akawa ananisifia kwa majirani. Waliosikia sauti yangu pale uwanjani wapo, siyo mmoja wala wawili, sauti yangu inajulikana. Hakuna aliyesema. Wangeanzaje kunitaja bila kueleza wao mikono yao ilikuwa wapi?

Siku moja nilimkuta Shabani peke yake, amekaa uani kwenye mkeka, mguu umenyooshwa. Mwajuma alikwenda gengeni.

"Shem, kaa," akaniambia. Taya lilikuwa bado linamsumbua, maneno yanatoka nusunusu. "Ulinipiga mara ngapi?"

Kuna maswali mtu huwezi kuomba upunguziwe.

"Mara mbili," nikasema. "Nisamehe. La kwanza halikuwa la kweli. Walitaka kunigeukia na mimi."

"Mimi nilihesabu tatu."

"Mbili, Shabani. Haki ya Mungu."

"La tatu lilikuja Consolata akiwa tayari kanilalia. Mnyororo ulikuwa umehamia upande wa pili. Hakuna aliyekuwa anakuangalia." Akavuta pumzi. "Nilikuwa chini, shem. Viatu tu ndo nilikuwa naviona. Vyako navijua."

Nilirudi nyumbani nikahesabu upya. Nikahesabu tena. Lipo. Siku zote hizo nilikuwa nalificha, hata kwangu mwenyewe. Mawili niliyapiga kwa woga. La tatu nilimpiga kwa sababu alikuwa Shabani.

Kabla sijaondoka pale uani nilikuwa nimemuuliza kwa nini hakumwambia mke wake. Akasema, "Mwajuma hana kaka mwingine. Mwambie wewe. Mimi nimeshapigwa, inatosha."

Nilimwambia kesho yake. Nilitaja yote: nani aliita, na mateke matatu, siyo mawili. Hakulia, na hakunitukana. Aliingia ndani, akatoka na kiroba cha mchele nilichopeleka wiki ile, akakiweka miguuni pangu. Akasema, "Siku atakayosimama mwenyewe bila magongo, uje. Kabla ya hapo usije."

Shabani bado anatembelea magongo. Daktari anasema goti halitakunjika tena. Useremala anafanya wa kukaa, vigoda na fremu za picha. Consolata alirudi Dar na koti lake, na vidole vyake viwili havinyooki. Mimi bado nanadi, maana sijui kazi nyingine. Ila kuna siku nainua nguo, nafungua mdomo, na sauti haitoki. Wateja wanadhani ni mafua.

Wewe unayesoma hii, sikuambii uwe mwema, hilo ni kati yako na Mungu wako. Nakuomba kitu kidogo zaidi. Ukisikia mtu anaitwa mwizi, kabla hujainama kuokota jiwe, uliza ameiba nini. Siku ile pale Ilembo tulikuwa watu wengi, wazazi, wafanyabiashara, waumini wa dini zote, na hakuna hata mmoja aliyeuliza.

Wangeniuliza mimi niliyeita, nisingekuwa na jibu.